Kuchuja oili chafu gerejini: pipa la kutuamisha, soksi, pampu au rota?

Gari dogo likibadilishwa oili linakuachia lita nne nyeusi. Daladala ya dizeli inaacha zaidi, na lori la mchanga linaweza kujaza dumu la lita 20 peke yake. Gereji yetu hapa Mwanakwerekwe, kazi ikiwa ya kawaida, pipa la lita 200 linajaa ndani ya siku kumi. Zamani likijaa tulikuwa tunamwita yeyote mwenye haja achukue. Fundi wa matofali alikuja, seremala alikuja, mwenye gari la ng'ombe alikuja na kikopo chake cha kupaka ekseli. Iliyobaki, nasema kwa masikitiko, ilikuwa inamwagwa nyuma ya ukuta.

Na nyuma ya ukuta ni jiwe la matumbawe, kama ilivyo sehemu kubwa ya Unguja. Jiwe hili limejaa matundu. Mvua ya masika inanyesha asubuhi, mchana maji yameshazama, na yanakozama ndiko tunakoyateka: kisimani kwa jirani na kwenye visima vya kuchimba vinavyolisha mifereji ya mji. EPA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira, linaeleza kwamba galoni moja ya oili iliyotumika inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji baridi. Kwa hesabu hiyo, lita nne za gari moja dogo ni lita milioni nne za maji. Tangu nilipoijua hesabu hii sijaweza tena kuutazama ule ukuta bila kuumia.

Ndipo nikaanza kutengeneza chujio langu mwenyewe, na kwa miaka nimejaribu njia nne. Vijana wananiuliza ipi bora. Nitazilinganisha, lakini kila anayeniuliza huwa namrudishia swali kwanza: oili hiyo ukishaichuja unakwenda kuifanyia nini?

Kazi kwanza, chujio baadaye

Mwisho wa 2009 njia ya umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari iliharibika, na Unguja ikakaa gizani miezi mitatu, kuanzia Desemba hadi Machi 2010. Aliyekuwepo anakumbuka mngurumo wa majenereta kila kipembe. Jenereta dogo la petroli linachukua chini ya lita moja ya oili, lakini likiwashwa saa kumi kwa siku linataka oili mpya kila wiki au wiki mbili. Nikaona nimepata njia. Nilichuja oili ya magari kwa kitambaa cha pamba, mara tatu, nikaitia kwenye jenereta la duka la ami yangu. Ukiishika ilikuwa laini, haina hata chembe. Baada ya wiki chache jenereta likaanza kugonga. Tulipolifungua, kichwa cha konrodi (mkono unaounga pistoni na kranki) kilikuwa kimelika na kuchimbika mistari. Ami hakunilaumu, lakini konrodi mpya niliinunua mimi.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, kitambaa kilizuia uchafu mkubwa tu. Ule unaosaga vyuma ulipita wote. La pili ndilo zito zaidi, kwa sababu hata chujio bora duniani lisingelirekebisha. Oili mpya si mafuta matupu. Kiwandani hutiwa viungo vya kazi: vyenye zinki na fosforasi vinavyokinga chuma kisisuguane na chuma, vyenye kalsiamu vinavyoua asidi, na vingine vinavyoshika masizi yasigandamane. Oili ikifanya kazi, viungo hivi vinatumika na kwisha, huku petroli, maji na asidi vikiingia. Chujio linatoa baadhi ya vilivyoingia. Vilivyokwisha halirudishi hata kimoja.

Viwanda vya kusafisha oili upya vipo duniani, na oili yao inafaa injini. Lakini wao wanaipika ndani ya mitambo isiyo na hewa, wanaitenga kwa mvuke, wanaipitisha kwenye haidrojeni yenye presha kubwa, kisha wanatia viungo vipya. Hakuna pipa wala soksi itakayofanya hivyo. Basi kama lengo lako ni kurudisha oili kwenye injini, au, Mungu atuepushe, kuitia kwenye chupa na kumuuzia mtu kama mpya, katika njia nne hizi hakuna inayokufaa.

Kazi ninazozikubali ni chache. Kupaka fomu za matofali ya saruji ili tofali litoke bila kunata. Kulainisha minyororo, bawaba za mageti, ekseli za magari ya ng'ombe. Na kuchoma kwenye tanuri la kuyeyushia alumini, lile lenye bana (kichomeo) ya kupuliza hewa, kwa fundi anayejua kazi yake. Hata fomu zina mipaka yake: ukuta utakaopigwa lipu usitumie oili nyingi, kwa sababu inaingia kwenye zege na lipu halishiki vizuri; na fomu za birika la maji ya kunywa usizipake kabisa. Tanuri la mikate pia usilikaribie. Oili hii ina madini ya injini ndani yake, na moshi wake hautakiwi kugusa boflo la mtoto wa mtu.

Kuna kazi moja niliikataa na nataka niieleze. Mzee mmoja, fundi wa vyombo kutoka Nungwi, alikuja gerejini na madumu yake.

"Fundi, nijazie haya mawili oili chafu."

"Ya nini, mzee wangu?"

"Sifa imeadimika. Nataka kupaka chombo."

Sifa, mafuta ya ini la papa, ndiyo asili ya kupaka mbao za juu za chombo, na chini inapopita maji hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Sifa inashika ubao. Oili ya injini haikauki. Kila wimbi linaondoka na kidogo, na mwisho yote iko baharini. Nikamwambia hivyo, nikamkumbusha mwani unaolimwa kwenye pwani zetu tangu 1989, na wanawake wanaosimama maji ya magotini kuufunga kwenye kamba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada yangu aliyeolewa Matemwe ana kamba zake." Tukanywa kahawa, akaondoka na madumu matupu. Sifa aliipata baadaye kwa wavuvi.

Ndani ya weusi mna nini

Ili ulinganishe machujio lazima ujue unawinda nini. Kipimo cha uchafu ni maikroni, sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Jicho letu halioni kitu chini ya 40. Vipande vya chuma vinavyotoka kwenye ringi na beringi vingi ni kati ya maikroni 1 na 40. Filta ya kawaida ya injini inazuia vizuri vya 20 hadi 40 kwenda juu. Masizi, ambayo ndiyo yanayoifanya oili ya dizeli iwe nyeusi kama wino, kila chembe ni ndogo kuliko maikroni moja, na vile viungo vya kiwandani vimeishika isizame.

Kutokana na hilo: oili yako itabaki nyeusi. Utuamishe mwaka, uipitishe soksi kumi, itabaki nyeusi, na weusi huo hauidhuru fomu ya tofali wala ekseli ya gari la ng'ombe. Nimewaona vijana wakiongeza chujio juu ya chujio wakitafuta rangi ya asali, wanapoteza fedha bure. Mbaya zaidi ni wanaotia asidi ya betri na udongo ili ing'are. Asidi hiyo inaacha tope linalounguza ngozi na ambalo hakuna pa kulitupa. Usijaribu.

Adui wa kweli kwenye kazi zetu ni vipande vya chuma na maji. Maji ni rahisi kuyapima. Chukua kikaango cha chuma ambacho hakitarudi tena jikoni, kipashe moto hadi tone la maji likidondoka linarukaruka, kisha kitoe kwenye jiko na udondoshe tone moja la oili, uso wako ukiwa mbali. Likitulia na kutoa moshi kidogo, ni kavu. Likitoa milio kama mbegu za ufuta kwenye moto, mna maji. Jaribio hili hugundua maji hata yakiwa sehemu moja katika elfu moja. Mimi silitumi pipa popote bila kulifanya.

Kutuamisha

Njia hii ni pipa, koki mbili na subira. Watu wanaidharau kwa sababu haina mota, na mimi niliidharau pia, mpaka nilipokaa na kalamu.

Kitu kinachozama kwenye oili kinafuata kanuni rahisi: kikiwa kikubwa mara mbili kinazama mara nne kwa kasi. Oili ikiwa nyepesi mara mbili, kasi nayo inaongezeka mara mbili. Chukua oili ya SAE 40 (namba ya uzito wa oili, inaandikwa kwenye dumu) yenye joto la nyuzi 40. Kipande cha chuma cha maikroni 10 kinashuka kama sentimita 28 kwa siku. Cha maikroni 5, sentimita 7. Cha maikroni 1, milimita 3 tu. Pipa la lita 200 lina kina cha sentimita 85 hivi. Basi ndani ya siku tatu au nne vile vya maikroni 10 viko chini, ndani ya wiki mbili vya 5 navyo vimefika, na mwezi ukiisha hata vya maikroni 3 na kidogo vimezama. Hiyo ni bora kuliko filta ya injini, na hukutumia senti ya umeme. Alumini ni nyepesi, inachelewa mara nne hivi. Na masizi hayazami kabisa.

Ubovu wake ni nafasi. Pipa letu linajaa kwa siku kumi na linatakiwa kutulia siku thelathini, kwa hiyo tunahitaji mapipa manne: moja linajazwa na matatu yanatuama. Mwenye kibanda cha mita mbili hana pa kuyaweka. Ubovu wa pili ni wa watu: kijana mgeni akija kumwaga oili mbichi kwenye pipa lililotulia wiki tatu, amelirudisha siku ya kwanza. Tumeandika tarehe kwa chaki kwenye kila pipa na tumelifunga kwa waya.

Namna ya kulitengeneza: pipa lisimame juu ya matofali. Koki ya kuchotea itobolewe sentimita 15 kutoka chini, isiguse tope, na nyingine chini kabisa ya kutolea maji na mashapo. Maji ni mazito kuliko oili, yatakuwa ya kwanza kutoka kwenye koki ya chini. Funika, kwa sababu mvua ya hapa haibishi hodi. Na hapa nilikosea mwanzo: niliyaegemeza mapipa kwenye ukuta unaopigwa na jua, nikidhani joto litasaidia. Joto linasaidia kweli, lakini likipiga upande mmoja oili inapanda upande huo na kushuka upande wa pili, na mashapo yanazunguka nayo. Weka chini ya paa la bati, kwenye joto lililotulia.

Soksi

Soksi ya chujio ni mfuko wa kitambaa kilichoshindiliwa, unaning'inizwa mdomo juu, oili inamiminwa ndani na kudondoka chini kwa uzito wake. Zinauzwa kwa maikroni: 100, 50, 25, 10, 5, 1. Kabla hazijapatikana kwa urahisi tulikuwa tunatumia mguu wa suruali ya jinzi, ncha moja imefungwa fundo. Jinzi inafaa kuzuia gasketi zilizokatika, majani na nzi. Zaidi ya hapo usiitegemee.

Raha ya soksi ni kwamba unapata oili leo leo. Ni njia ya mwenye kiasi kidogo. Lakini mita moja ya oili juu ya soksi inasukuma kwa presha ya baa 0.09 tu, na oili ya baridi ni nzito. Ukiiwekea soksi ya maikroni 5 kwanza, itadondoka tone tone na kuziba kabla ya dumu moja kwisha. Anza na 100, kisha 25, kisha 5, na uipashe oili ifike nyuzi 50 au 60. Oili ya SAE 40 ikiwa nyuzi 100 ni nyepesi karibu mara kumi kuliko ikiwa nyuzi 40, hivyo hata joto dogo linabadilisha kazi nzima. Usivuke 60, kwa sababu soksi nyingi ni za polipropilini na zinalegea joto likizidi.

Na soksi haizuii maji. Niliwahi kuvipa viwanda viwili vya matofali oili iliyopita soksi ya maikroni 5, safi kabisa kwa chuma, na imejaa maji. Kimoja kilirudisha madumu yote, na walikuwa na haki.

Ushauri wangu ni kuziunga njia hizi mbili. Tuamisha kwanza, kisha pitisha oili ya juu kwenye soksi. Mashapo yakiwa yameshabaki pipani, soksi moja inachuja mapipa mengi badala ya dumu moja.

Pampu na filta

Hapa unachukua pampu ya gia, unaifunga mota, na unaisukuma oili ipite kwenye filta za lori zilizopangwa mfululizo, mara nyingi ikizunguka na kurudi kwenye pipa lile lile. Inavutia macho. Kwa mwenye malori mengi ina maana, maana inachuja pipa zima kwa saa chache.

Lakini kuna siri ndani ya filta ya injini ambayo mafundi wengi hawaijui. Filta nyingi za kufunga kwa mkono zina valvu ndogo ya dharura: filta ikiziba na tofauti ya presha ikafika kama baa moja, valvu inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Kwenye injini hiyo ni rehema, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko injini kavu. Kwenye mtambo wako wa kuchuja ni hasara tupu: mota inanguruma, oili inazunguka, na hakuna kinachochujwa. Kwa hiyo geji ya presha kabla ya filta ni lazima. Mshale ukianza kupanda, badilisha filta kabla haujafika baa moja. Filta za dizeli nyingi hazina valvu hiyo na ni za matundu madogo zaidi, lakini oili nzito inaziziba upesi.

Mambo mengine mawili. Pampu inayosukuma oili yenye maji inayapondaponda maji hayo yakawa kama maziwa ndani ya oili, na hapo hata mwezi wa kutulia hauyatoi. Tuamisha kabla ya kupampu. Na mabomba yawe ya chuma au mipira ya haidroliki yenye klipu nzuri; bomba la PVC linalegea kwenye nyuzi 60 na kitu, na likiachia, oili ya moto inamrukia aliyesimama karibu.

Rota

Ya nne ni mashine ya kuzungusha. Malori makubwa kama Scania yana chujio la namna hii kwenye injini: kikombe kinachozungushwa na presha ya oili yenyewe, uchafu unatupwa ukutani na kuganda kama lami ngumu. Kikombe chenye nusu kipenyo cha sentimita 10 kikizunguka mara 4,000 kwa dakika, chembe iliyo ukingoni inavutwa kwa nguvu karibu mara 1,800 ya uzito wake. Ile ya maikroni 1 iliyokuwa inashuka milimita 3 kwa siku sasa inakimbia. Katika njia zote nne hii peke yake inayagusa masizi, na haina filta ya kununua.

Ni nzuri sana. Hata hivyo kwa gereji za kwetu siipendekezi, na nasema hivi nikijua wapo watakaonikasirikia. Rota ya lori la kukatwa inaweza kutumika ikiwa na nyumba yake ya asili, yaani kasha linaloifunika, na presha ya baa nne au zaidi, yaani unahitaji pia pampu nzuri, umeme wa uhakika na oili iliyopashwa moto. Na ile ya kuchomelea mwenyewe, kwa ngoma ya mashine ya kufulia au rimu ya pikipiki, iache. Ikikosa mizani kidogo tu kwenye mizunguko 4,000, inapasuka kama bomu, vipande vinapita bati la nyumba. Halafu jiulize: fomu ya tofali inahitaji oili isiyo na chembe ya maikroni 1? Haihitaji.

Kwa anayetaka kuziona kwa pamoja:

| Njia | Inachozuia | Maji | Muda wa pipa moja | Gharama | Hatari |
|---|---|---|---|---|---|
| Kutuamisha | Chuma cha maikroni 3–5 kwenda juu | Yanatengana yenyewe | Mwezi | Ndogo kabisa | Ndogo |
| Soksi | Kwa namba ya soksi, hadi 5 | Haizuii | Siku moja au mbili | Ndogo, soksi zinakwisha | Ya moto, ukipasha |
| Pampu na filta | 20–40. Kidogo zaidi kwa filta za dizeli | Inayachanganya | Saa chache | Ya kati, filta zinakwisha | Presha na oili ya moto |
| Rota | Maikroni 1 na chini yake | Inayatoa kiasi | Saa chache | Kubwa mwanzoni | Kubwa, ikiwa ya kujitengenezea |

Kuhusu dizeli

Najua swali linalofuata, kwa sababu bei ya mafuta imetubana sote: je, siwezi kuichuja vizuri nikachanganya na dizeli ya boti au ya mashine ya kusaga? Nafasi kati ya pistoni na silinda ya pampu ya noseli, ile inayosukuma dizeli iingie kwenye injini, ni maikroni chache tu, na chembe iliyopita soksi ya 5 inakwama hapo hapo. Lakini hata ukiwa na rota, ile zinki, fosforasi na kalsiamu iliyobaki imeyeyuka ndani ya oili, inapita kila chujio, na ikiungua inakuwa jivu ndani ya injini. Injini za sasa zenye kupuliza dizeli kwa presha ya zaidi ya baa elfu moja zitakufa haraka; za zamani zitakufa polepole. Na boti ikizimika katikati ya mkondo wa Pemba, hakuna gereji pale.

Moto na ngozi

Oili safi ya injini haishiki moto kirahisi mpaka ipite nyuzi 200. Oili chafu yenye petroli ndani yake ni jambo jingine kabisa, mvuke wake unaweza kuwaka mapema sana. Na ukipasha oili yenye maji kupita nyuzi 100, maji ya chini yanageuka mvuke ghafla na kuirusha oili nje ya chombo, juu ya jiko. Kwa hiyo tunapasha kwa kuzamisha dumu ndani ya beseni la maji ya moto, kamwe si juu ya jiko la gesi. Ndoo ya mchanga na zimamoto ya unga vikae hatua mbili kutoka hapo. Maji usiyamwagie moto wa oili.

Kuhusu mikono: oili iliyotumika imesababisha saratani ya ngozi kwenye majaribio ya panya, na mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha yamewekwa na Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wazee wetu wa gereji walikuwa wananawa nayo ili kuondoa grisi. Vaa glavu, badilisha kanzu ya kazi, nawa kwa sabuni. Sisemi hili kuwatisha vijana, nawapenda na nataka wazeeke na mikono yao.

Tena usipokee kila unacholetewa. Kulanti, breki fluidi na thina vikiingia pipani vimeliharibu pipa zima. Oili ya transfoma za zamani usiikubali hata bure, kwa sababu baadhi yake ina kemikali za PCB ambazo dunia imezipiga marufuku.

Wewe uchague ipi

Binamu yangu ana kibanda Chake Chake, kazi yake ni pikipiki tu. Kila moja inamwachia lita moja hivi, anapata dumu la lita 20 kwa wiki. Yeye nilimpa madumu matano na soksi mbili, ya 100 na ya 25. Madumu yanatuama kwa zamu, la wiki ya tano linapita soksini, na mwenye magari ya ng'ombe analichukua. Dumu ni fupi kuliko pipa, kwa hiyo chembe zina safari fupi na wiki nne zinatosha kabisa.

Gereji ya ukubwa wetu, mapipa manne na soksi ya 25 mwishoni. Tumefanya hivi miaka kadhaa na viwanda vya matofali vya Fuoni havijawahi kulalamika tena.

Mwenye malori kumi na zaidi, anayemuuzia mtu wa tanuri la alumini, yeye ndiye ninayemshauri pampu, kwa kuwa bana ina tundu dogo la kupulizia na linaziba. Atuamishe wiki mbili, kisha pampu ya gia, filta mbili mfululizo na geji. Rota aifikirie tu kama ana fundi wa kuihudumia na nyumba yake ya asili.

Linabaki tope. Ukichuja mapipa kumi utapata ndoo moja au mbili za uji mzito, na humo ndimo ulipoukusanya uchafu wote: chuma, masizi, maji yenye asidi, pamoja na soksi zilizokufa. Hilo halipakwi kitu, halizikwi, halichomwi jalalani. Sisi tuna pipa lake lenye mfuniko wa kukaza kwa nati, limeandikwa kwa rangi nyekundu, limekaa juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, na kabla ya kuliondoa tunakwenda kuuliza ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Kabla hujatoboa koki ya kwanza, tafuta pipa hilo na ujue litakaa wapi.